Tunamlilia Mwizi Gani?

Vijana wenzangu wa Njombe na Makambako, leo naomba tuambiane ukweli, na mwenye kukasirika akasirike. Kila anayetoa wimbo huku kwetu analalamika kwamba anaibiwa. Nyimbo zake, anasema, zinaingizwa kwenye memori kadi pale stendi kwa vijisenti, na yeye haambulii kitu. Malalamiko haya ni ya haki kabisa. Lakini hebu muulize huyo huyo: na programu uliyorekodia huo wimbo, uliinunua wapi? Hapo utamwona mtu anaangalia juu kama anayehesabu mabati.

Jibu tunalijua. Kaipata kwenye flashi ya mshikaji wake, ikiwa imeshavunjwa kufuli. Nyani haoni kundule!

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, hiyo hiyo ambayo wasanii huikimbilia wanapokwenda COSOTA, inalinda pia programu za kompyuta. Haikusema wimbo wa Mbena ulindwe na jasho la Mbelgiji liliwe bure. FL Studio, ambayo masela wengi wanaiapia, ilianzia Ubelgiji mwaka 1997 ikiitwa FruityLoops. Wapo watu waliokesha kuitengeneza kama wewe unavyokesha na mistari yako. Mimi naandika riwaya. Kama nataka kesho mtu anunue kitabu changu badala ya kukidurufu, basi leo sina mdomo wa kutetea wizi.

Najua mtakavyonijibu. Kwanza mtasema, "Mshikaji, mshiko hatuna." Kweli hatuna. Lakini asiye na kitu ndiye anayetakiwa kutumia akili zaidi. Audacity ipo tangu mwaka 2000, tena ni ya bure, na tangu toleo la 3.2 la mwaka 2022 unaweza kurekebisha sauti huku wimbo unapiga. LMMS, ya kutengenezea biti, nayo ni bure. REAPER unaijaribu siku 60 ikiwa kamili, na leseni kwa mtu wa kipato kidogo ni dola 60. Si hela ndogo kwa anayepasua mbao, sikatai. Ila wapo wanaouza magunia ya viazi ili waende Dar kutafuta studio. Nauli, kula na kulala, chenji iko wapi? Hata FL Studio yenyewe ina toleo la kujaribia bure. Kazi uliyohifadhi hutaweza kuifungua tena ikiwa kamili mpaka ulipe, lakini biti unaweza kuitoa kama faili la sauti ukaimalizie kwingine.

Jibu la pili ndilo linaloniudhi: "Ya bure haitoi sauti ya Dar." Huko ni kuzugana. Programu inafanya hesabu tu. Ukishusha desibeli tatu kwenye hii au kwenye ile, ni desibeli tatu zile zile. Mlimani Park Orchestra, bendi iliyoanzishwa mwaka 1978, ilirekodi Radio Tanzania kwa kanda, bila kompyuta yoyote, na mpaka leo wazee wetu wanainuka vitini wakiisikia. Walikuwa na mazoezi, na fundi mitambo mwenye masikio.

Masikio ndiyo tunayokosa, kwa kuwa hatuyafundishi. Anza na chumba. Njombe ni baridi, kila nyumba ina blanketi zito. Litundike ukutani, mwangwi utapungua. Ukija kwenye kuchanganya sauti, acha nafasi: kilele cha wimbo kikae kama desibeli sita chini ya sifuri, ili kwenye kumasta pabaki pa kufanyia kazi. Kata mngurumo wa chini kwenye sauti ya mwimbaji, huko ni kwa besi na kiki. Weka pembeni wimbo mmoja unaouheshimu, ulinganishe. Kisha peleka kazi yako kwenye simu, kwenye bajaji, kwenye spika ya duka la sokoni. Kama maneno yanapotea huko, rudi ukarekebishe.

Na jamani, kumasta si kuubana wimbo mpaka uwe tofali! Spotify inasawazisha nyimbo kwenye kiwango cha karibu LUFS -14. Ukiukandamiza upige kelele kuliko wenzake, wao wanaushusha tu, na uhai wake umeshauua mwenyewe.

Sasa niambieni, katika hayo yote, ni lipi linalohitaji kitu cha wizi? Hakuna. Tena hizo zilizovunjwa kufuli mara nyingine huja na virusi, mashine ikafa na nyimbo zako zote ndani.

Njombe ni mkoa tangu mwaka 2012, lakini kimuziki bado tunajifanya kitongoji cha Dar. Makambako ni njia panda: barabara ya Mbeya, barabara ya Songea, reli ya TAZARA. Muziki wa kila mahali unapita pale. Wetu nao unaweza kupanda gari ukaondoka, ukiwa na jina letu, na bila kitu cha wizi ndani yake.

Kwa hiyo anayetaka kupigania haki yake, kwanza afute kilichoibwa kwenye kompyuta yake. Akishafuta, twende wote stendi tukadai, nami nitapaza sauti kuliko yeye.