Mbuzi Abaki Zizini

Msomaji wetu wa Kwai, Lushoto, anauliza: mama mkwe wake, ambaye magoti yanamsumbua, ataka kuuza mbuzi anunue matone ya kurudisha ujana. Muuzaji adai yamethibitishwa maabara kwenye seli za binadamu. Je, amkubalie?

Dada yangu, seli ni chembe hai ndogo mno zinazoujenga mwili. Mwaka 1961, huko Philadelphia, Marekani, Leonard Hayflick na Paul Moorhead walieleza jinsi walivyokuza seli za binadamu ndani ya vyombo vya maabara. Ziligawanyika mara 50 hivi, kisha zikakoma, ingawa zilikuwa bado hai. Ndiyo maana ya seli kuzeeka, na hadi leo wataalamu hujaribia dawa juu ya seli za namna hiyo.

Lakini seli iliyo chomboni haina ini, figo wala moyo. Kinachoifaa humo chaweza kumdhuru bibi apandaye milima ya Usambara. Jaribio hilo ni mwanzo wa uchunguzi tu. Kwa wanadamu bado.

Basi usimkaripie. Mpeleke hospitali, magoti yapimwe, na mbuzi abaki zizini. Mwenyezi Mungu amjaalie afya njema.