Vichekesho vya Zamani: Tuvifute au Tuvifafanue?

Nikiwa katika mazoezi ya ualimu hapa Kakamega, nilitamka "kitapu" badala ya "kitabu". Darasa zima likaangua kicheko, na mwanafunzi mmoja akanibandika jina la mhusika wa kichekesho cha runinga. Hao walikuwa watoto wa Waluhya, wakimcheka Mluhya kwa lafudhi ya nyumbani kwao wenyewe.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, siwapuuzi wanaodai kwamba vipindi vya zamani vya KBC, kama vile Vitimbi na Vioja Mahakamani, visirushwe tena kwa kuwa baadhi ya vicheko vyake hutegemea lafudhi za makabila. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilitufunza kwamba dharau ya kikabila si mzaha mtupu. Ndipo ikapitishwa Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa mwaka 2008.

Hata hivyo, nashikilia kwamba kuvifuta ni kosa. Kwanza, vipindi hivi ni ghala la Kiswahili cha Wakenya, pamoja na athari za lugha zao za kwanza. Pili, maana ya mzaha haionekani juu juu. Mzee Ojwang', mwenye lafudhi ya Kijaluo, aliigizwa na Benson Wanjau, Mkikuyu, aliyefariki mwaka 2015. Je, hiyo ni dhihaka au udugu? Kipindi kilichofutwa hakiwezi kujadiliwa. Tatu, mwenye uwezo wa kufuta huanza na kinachomkera yeye. Redykyulass walipomwigiza Rais Moi, mnyonge hakuwa wa kukereka.

Mnamo Juni 2020 huko Uingereza, UKTV iliondoa sehemu moja ya Fawlty Towers, kisha ikairejesha ikiwa na tahadhari. Tahadhari pekee haitoshi. KBC ni shirika la umma. Iwaalike wanaisimu na wanafasihi waandike maelezo ya kutangulia kipindi: kilirekodiwa lini, nani anamwigiza nani, na kwa nini lafudhi nzito hupewa mshtakiwa huku hakimu akipewa Kiswahili sanifu.

Swali hilo la mwisho ndilo lililokosekana darasani mwangu. Kufuta kipindi kusingekizima kicheko kile. Kukifafanua kungewafanya wale watoto wajiulize walikuwa wakimcheka nani.