Je, Bibi Giehse Alifanya Vema Kurudi?

Wako wasemao kwamba mtu akifukuzwa kwao hana budi kuwapa kisogo milele. Mimi siafiki, na shahidi wangu ni Therese Giehse, mwigizaji wa Kijerumani wa ukoo wa Kiyahudi, aliyezaliwa Munich mwaka 1898.

Tangu 1926 aliigiza katika ukumbi wa Kammerspiele, mjini kwake. Tarehe 1 Januari 1933, yeye na Erika na Klaus Mann walianzisha kikundi cha nyimbo na dhihaka, Die Pfeffermühle, yaani kinu cha pilipili. Pilipili hiyo iliwaingia Wanazi machoni. Mwezi ule ule Hitler akashika serikali, na mwaka haukwisha kabla Bibi Giehse hajakimbilia Uswisi.

Seremala akikimbia huweza kubeba randa yake. Chombo cha mwigizaji ni lugha, na heri yake ni kwamba Zürich nako husemwa Kijerumani. Huko, Aprili 1941, alikuwa wa kwanza duniani kuigiza Mutter Courage wa Bertolt Brecht: mama mchuuzi afuataye majeshi na mkokoteni wake, akitafuta faida ya vita, hata vita vikamnyang'anya wanawe wote watatu. Brecht mwenyewe hakuuona mchezo. Alikuwa mkimbizi Finland.

Mwaka 1950 Bibi Giehse aliuvuta mkokoteni huo Munich, Brecht akiongoza. Bila shaka ukumbini walikuwamo waliowashangilia wale waliomfukuza. Katika mdahalo wetu rafiki mmoja alinipinga: "Amewasamehe bure, hata radhi hawakumwomba!" Lakini ndugu zangu, tazameni alichowaletea. Si nyimbo za kuwabembeleza. Ni mama aliyepoteza watoto wote kwa vita, wala hajifunzi neno, akaushika tena mkokoteni kulifuata jeshi. Ukinitupia mawe, nami nikakuletea kioo, je, huko ni kusamehe?

Mwaka 1956, Zürich, alikuwa pia wa kwanza kuigiza yule bibi kizee tajiri wa Friedrich Dürrenmatt, ambaye hurudi katika mji uliomdhulumu akitoa fedha ili mtu auawe. Bibi huyo alirudi kununua kisasi. Giehse alirudi na kazi yake tu, na watu wa Munich wakaja kuitazama. Katika sinema ya Louis Malle ya 1974, Lacombe Lucien, alikuwa nyanya Myahudi aliyejificha Ufaransa, mwenye maneno machache mno. Alifariki Machi 1975, kule kule Munich.