Bonyeza Mwenyewe

Je, fedha zako zimo ndani ya simu? La, hazimo.

Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007. Tanzania ilifika mwaka 2008. Inafanya kazi hivi. Ukimpa wakala shilingi 10,000, kompyuta za kampuni huandika kiasi hicho katika hesabu yako. Fedha zenyewe hutunzwa benki. Ukimtumia mwenzako, simu hupeleka ujumbe kwenye mnara, na mnara huufikisha kwenye kompyuta. Hesabu yako hupungua, yake huongezeka.

Lakini kompyuta haijui sura yako. Inajua namba ya siri tu. Mtu akiwa na simu yako na namba hiyo, kompyuta itadhani ni wewe.

Zamani wengi wetu tulimwambia mtoto au wakala atubonyezee, kwa sababu hatukujua kusoma. Leo tunajua. Basi tusione haya kwenda polepole. Soma jina. Soma kiasi. Kisha bonyeza mwenyewe. Mtu akikuuliza namba ya siri, hata akisema anatoka kwenye kampuni, kataa.

Tumejifunza kusoma ili tujitegemee. Tuanze na simu zetu.