Kumaliza Chapo Sita Usiku Si Ulafi Kila Saa

Unaruka breko na lanchi ndio upunguze kitambi, halafu saa nne usiku umejifungia keja, chapo sita na chipo za mia zimeisha, na bado hujaacha. Wasee huita hiyo ulafi. Lakini tangu 2013, mwongozo wa madaktari wa akili Marekani, DSM-5, unaihesabu ugonjwa kivyake: ikikushika angalau mara moja kwa wiki, miezi mitatu, ushindwe kujizuia kisha ujichukie.

Na mara nyingi dayati ndio huiwasha, juu mwili ulionyimwa hulipiza. So kesho usijiadhibu kwa kufunga. Kula asubuhi, mchana na jioni, hata kama jana uliharibu. Ikikataa, tafuta mshauri. Mzuri atakuuliza unakula saa ngapi kabla akuulize uko kilo ngapi.