Usiuze kiwanja kwa sindano ya kuotesha mishipa

Wiki iliyopita kijana mmoja alinisimamisha njiani hapa Usagara, Tanga. Baba yake ana kisukari, na dole gumba la mguu wa kushoto limeanza kuwa jeusi.

"Shikamoo daktari. Tumesikia kuna tiba ya seli shina, unachomwa sindano mguuni inaota mishipa mipya ya damu. Mteja wa kiwanja cha Pongwe tumeshampata. Tuuze?"

Nikamuuliza: kuna mtu aliyepima kama damu inafika kwenye mguu wa mzee? Hakujua. Kwa miezi miwili kidonda kimekuwa kikisafishwa na kufungwa bandeji, lakini hakumbuki kuona mtu akitafuta mapigo ya damu mguuni.

Msomaji, kama una mzazi wa namna hiyo nyumbani, leo naandika kwa ajili yako. Sitakuambia kwamba habari ya sindano hizo ni uzushi, kwa sababu si uzushi. Miaka ya 1990 madaktari wa Boston, Marekani, wakiongozwa na Jeffrey Isner, walianza kutia jeni kwenye miguu iliyokosa damu. Mwaka 2002 Wajapani wakaeleza jinsi walivyochukua seli kutoka kwenye uboho wa mgonjwa mwenyewe na kuzichoma kwenye misuli ya mguu wake. Mshipa mkubwa umeziba, basi chochea midogo iote, damu ipite pembeni. Ni wazo zuri, na mimi nililipenda nilipolisoma mara ya kwanza.

Kisha likapimwa. Utafiti mmoja mkubwa, uliochapishwa mwaka 2011, ulihusisha wagonjwa 525 katika nchi 30. Nusu walipewa sindano ya jeni, nusu sindano isiyo na dawa. Baada ya mwaka mmoja, waliokatwa mguu au kufariki walikuwa asilimia 37 kwa waliopata jeni na asilimia 33 kwa wasioipata. Kitaalamu hiyo si tofauti. Japani ilitoa kibali cha muda kwa dawa ya jeni, Collategene, mwaka 2019. Mwaka 2024 kampuni yenyewe iliondoa ombi lake la kibali kamili. India iliidhinisha dawa ya seli, Stempeucel, mwaka 2020, na utafiti unaendelea kwingine. Mlango haujafungwa.

Lakini kuna utafiti mmoja wa Uholanzi ambao ningependa kila anayetumiwa video za ushuhuda kwenye simu aujue. Wagonjwa 160 wote walitolewa uboho. Baadhi wakarudishiwa seli zao kwenye mshipa wa mguu, wengine wakapewa sindano isiyo na seli hizo, na hakuna aliyejua amepata ipi. Maumivu yalipungua na maisha yakawa nafuu. Kwa makundi yote mawili! Ungemhoji mmoja wa wale ambao hawakupewa seli, angekuapia kwamba zimemsaidia, na wala asingekuwa anasema uongo. Mgonjwa anayeangaliwa kwa karibu hupata nafuu fulani. Ndiyo maana ushuhuda wa mtu mmoja, hata akiwa shemeji yako, hauwezi kuamua suala la kiwanja.

Na hiyo ni tiba yenyewe, inayofanywa na wataalamu kwenye vyumba safi. Poda na vidonge vinavyoitwa vya seli shina ni jambo jingine kabisa. Seli ni kitu hai. Haikai kwenye kopo kabatini, na ukiimeza tumbo litaisaga kama linavyosaga dagaa.

Kinachookoa mguu ni kufungua mshipa mapema, ama kwa puto linalopitishwa ndani yake au kwa upasuaji wa kuunganisha njia nyingine. Kwa hiyo pesa ya kiwanja kama lazima itumike, itumike kwenye vipimo na nauli ya kwenda kwa daktari wa mishipa ya damu, Muhimbili kwa mfano, kabla weusi haujapanda.

Kipimo cha kwanza ni rahisi: presha hupimwa mkononi na kwenye kifundo cha mguu. Ya mguuni ikiwa chini ya asilimia 90 ya mkononi, mshipa umebana. Kwa mwenye kisukari cha miaka mingi mishipa huwa migumu na kipimo hicho hudanganya, hivyo ultrasaundi ya mishipa huhitajika. Sisi wa kliniki tuna lawama hapa. Tunapima sukari, tunajaza kadi, mgonjwa anaondoka bila kuvua viatu.

Nyumbani, angalia miguu yake kila jioni. Mzee anayeumwa shavu la mguu akitembea na kupata nafuu akisimama, au anayening'iniza mguu nje ya kitanda usiku ili alale, damu yake haifiki vizuri. Wenye ganzi huenda wasiumwe kabisa. Madaktari wa Dar es Salaam waliwahi kuandika kuhusu wagonjwa wa kisukari waliong'atwa miguu na panya usingizini bila kuhisi. Mguu kama huo usiukande kwa maji ya moto, utauunguza naye asijue. Kama anavuta sigara, aache leo. Na mguu ukiwa baridi na mweupe ghafla, na kuuma sana, usisubiri asubuhi. Mpeleke Bombo usiku huohuo.

Kijana wangu nilimwambia ampeleke mzee kesho yake, na wakiingia kwa daktari amvue soksi zote mbili kabla hawajaulizwa lolote.