Vichwa Mia Havimalizi Mfumo

Kidole kimoja hakivunji chawa, na msaragambo wa watu mia huchimba mtaro upesi kuliko wa watu kumi. Hapo sina ubishi. Ubishi wangu ni na wakurugenzi wanaoichukua hekima hiyo ya shambani na kuiingiza kwenye miradi ya TEHAMA. Mfumo wa mishahara au wa stoo umechelewa miezi sita, na dawa wanayoijua ni moja tu: ongeza watu. Bajeti ya nyongeza inapitishwa, mkandarasi anachekelea, vijana ishirini wanawasili na kompyuta zao mpakato, na mradi unazidi kuchelewa.

Si siri mpya. Frederick Brooks alisimamia pale IBM utengenezaji wa OS/360, mfumo endeshi wa kompyuta kubwa za miaka ya 1960. Kazi ilipopamba moto ilikuwa na watu zaidi ya elfu moja, na bado ilichelewa. Mwaka 1975 alitoa kitabu, The Mythical Man-Month, akaeleza waziwazi kwamba ukiongeza watu kwenye mradi wa programu uliokwisha kuchelewa, unauchelewesha zaidi. Nusu karne imepita. Kitabu kinasomwa vyuoni, wahitimu wanakuwa mameneja, kisha wanafanya kilekile alichokikataza.

Tazama kinachotokea siku vijana hao ishirini wanapoingia. Hakuna hata mmoja anayeweza kuandika msimbo wa maana kabla hajajua kwa nini orodha ya wateja imehifadhiwa mahali pawili, kwa nini ankara za mwisho wa mwaka hupitishwa njia ya pembeni, na nani aliyeamua hivyo. Mara nyingi hayo hayamo kwenye nyaraka. Yamo vichwani mwa watu watatu au wanne, na ndio haohao waliokuwa wakiusukuma mradi. Sasa wanaacha kazi yao na kugeuka walimu. Halafu kuna hesabu ya mazungumzo. Watu kumi wana jozi 45 za kuelewana. Wakifika thelathini, jozi zinakuwa 435. Watu wameongezeka mara tatu, nafasi za kutoelewana zimekaribia mara kumi. Ndiyo maana kalenda hujaa vikao na wiki inaisha hakuna kilichokamilika.

Anayeona hii ni nadharia tu na aangalie FBI, shirika la upelelezi la Marekani. Mwaka 2005 lilitupa mfumo wake wa kutunza majalada ya kesi, baada ya kuteketeza dola milioni 170. Mwaka uliofuata likaanza mwingine, Sentinel, chini ya kampuni ya Lockheed Martin. Kufikia Agosti 2010 zilikuwa zimetumika dola milioni 405 kati ya 451 zilizotengwa, na awamu mbili tu kati ya nne ndizo zilizokabidhiwa. Tathmini huru ilisema kuendelea kwa mwendo ule kungehitaji miaka sita zaidi na dola nyingine milioni 351.

FBI ikakataa. Iliuchukua mradi mikononi mwake na kupunguza watu: wafanyakazi wa wakandarasi kutoka kama 220 hadi 40, na watumishi wake yenyewe kutoka 30 hadi 12. Kazi ikakatwa vipande vidogo, kila kimoja cha wiki mbili, na kila kipande kikionyeshwa kwa watakaokitumia. Mfumo ulianza kazi Julai 2012. Walikuwa wameahidi mwaka mmoja, nao ulikaribia miwili, kwa hiyo si muujiza. Lakini miwili si sita.

Mtaniambia kuna kazi zinazogawanyika. Ni kweli. Kuingiza kumbukumbu za makaratasi kwenye kompyuta, kufundisha watumiaji matawini, kujaribu fomu moja baada ya nyingine: hapo leteni watu, tena mapema. Wala sisemi kila anayepunguza watu ana akili. Kanada ilipoandaa mfumo wa mishahara wa Phoenix, ulioanza 2016, serikali ilifuta nafasi 1,200 za maofisa wa mishahara na kuweka kituo kimoja chenye watu 550 mjini Miramichi. Waliojua mikataba na posho za kila idara wakaondoka na ujuzi wao. Kufikia Juni 2017, watumishi zaidi ya 150,000 walikuwa wakisubiri matatizo ya mishahara yao yatatuliwe. Aliyeongeza na aliyepunguza wamekosea kwa njia moja: wote walihesabu vichwa bila kuuliza kila kichwa kinajua nini.

Vichwa vinapendwa kwa sababu vinaonekana. Mkurugenzi akiiambia bodi kwamba ameongeza wataalamu ishirini, anaonekana amechukua hatua. Akisema ameondoa nusu ya mahitaji ili nusu iliyobaki ifanye kazi vizuri, ataulizwa kwa nini ameshindwa. Mkandarasi anayelipwa kwa siku za wataalamu wake naye hana haraka ya kumsahihisha. Na zabuni zetu zimezidisha ugonjwa: alama hutolewa kwa unene wa bahasha ya wasifu, kisha wenye wasifu huo huonekana siku ya uzinduzi na baadaye huja wanafunzi wao.

Basi wewe unayeidhinisha fedha, safari hii ukiletewa ombi la watu zaidi, taka majibu matatu kabla ya kushika kalamu. Nani atawafundisha hao wapya? Kazi yake itafanywa na nani wakati anafundisha? Na ni sehemu gani ya mfumo tunayoweza kuiacha mwaka huu? Wakikujibu kwa kukuongezea wasifu mezani, usitie saini.